Mgongo uliovunjika bila kuanguka: kwa nini mifupa ya mama zetu haimo kwenye hesabu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio usiku, kipindi cha afya kikiwa kimeshakwisha. Aliyeuandika ni msikilizaji mmoja wa mkoa wa Singida, na swali lake lilikuwa fupi: "Jamani, mfupa unaweza kuvunjika mtu hajaanguka?"

Tulimpigia kesho yake. Mama yake ana miaka 68. Mwezi wa saba alikuwa kisimani anainua ndoo ya lita 20, akasikia maumivu katikati ya mgongo kama amechomwa kisu. Akaiacha ndoo palepale na kurudi nyumbani akijishika kiuno. Kwenye zahanati alipewa parasetamo na diklofenaki. Alirudi mara ya pili, akapewa tena. Mara ya tatu aliambiwa, kwa heshima zote, "Mama, huo ni umri." Akatulia. Miezi mingi baadaye alishikwa na kikohozi kisichokwisha, wakampeleka hospitali ya wilaya kupigwa picha ya kifua. Mapafu yalikuwa na nimonia, ambayo ilitibiwa ikaisha. Lakini daktari aliyeiangalia picha iliyopigwa kwa ubavuni aliona kitu kingine: pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea. Akauliza, "Mama, uliwahi kuvunjika mgongo?" Familia ikatazamana. Kavunjika lini?

Tulilisoma swali hilo hewani wiki iliyofuata. Simu zilizoingia zilikuwa nyingi kuliko tulivyozoea kwa kipindi kisichohusu mbolea wala bei ya mahindi. Mmoja alisema gauni la kitenge ambalo shangazi yake alishonewa kwa harusi ya mwanawe sasa linaburuta chini, na hakuna aliyelipunguza wala kuliongeza. Mwingine alisema bibi yake zamani alikuwa anafikia kamba ya kuanikia nguo, sasa hafikii. Wote walikuwa wamepewa jibu lilelile: uzee.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya migongo hiyo, na kwa nini wakati huu, nchi inapojenga bima ya afya kwa wote, ni wakati mbaya wa kuendelea kuuita uzee.

Tofali linalobonyea

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa kila siku, kama nyumba ya udongo ambayo mwenyewe haachi kuikandika. Mtu akiwa kijana, mafundi wa kujenga wanawazidi wa kubomoa, na hadi kufika miaka 30 hivi mfupa unakuwa umefikia uimara wake wa juu. Baada ya hapo mizani inaanza kuinama polepole, kwa wanawake na kwa wanaume.

Kwa mwanamke kuna jambo la ziada. Homoni ya estrojeni, ile inayotoka kwenye ovari, ndiyo inayowazuia wabomoaji wasipitilize. Hedhi inapokoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni inashuka sana, na ubomoaji unakwenda mbio. Katika miaka mitano hadi saba ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya mifupa yake. Hasikii chochote. Hakuna homa wala uvimbe. Ndiyo maana madaktari huuita ugonjwa wa kimyakimya. Jina lake la kitaalamu ni osteoporosisi, na kwa maneno ya kawaida ni mifupa kuwa myepesi na yenye vitundu kama mkate.

Mfupa wa namna hiyo huvunjika sehemu tatu zaidi ya nyingine: mkono karibu na kiganja, nyonga, na uti wa mgongo. Mkono na nyonga havifichiki. Bibi akivunjika nyonga hasimami, na kijiji kizima kinajua. Mgongo ni tofauti. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, zimepangwa moja juu ya nyingine kama matofali. Pingili ikishindwa kubeba, haikatiki vipande viwili kama fimbo. Inabonyea, mara nyingi upande wa mbele, kama tofali bichi lililowekewa mzigo kabla halijakauka. Anayebonyea anaendelea kutembea, kupika na kwenda kanisani au msikitini. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakipata jambo lilelile: karibu theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili haigunduliki inapotokea. Na si lazima mtu aanguke. Inatosha kuinua ndoo, kuinama kuokota kuni, kurushwa na bodaboda kwenye shimo, wakati mwingine hata kukohoa kwa nguvu.

Pingili zikibonyea kwa mbele, mgongo unapinda. Kimo kinapungua. Mbavu zinashuka kukaribia nyonga, tumbo linabanwa, na mama anaanza kusema anashiba kwa tonge tatu au pumzi haimtoshi akipanda kilima. Familia inatafuta dawa ya tumbo.

Kuna hatari nyingine ambayo ndiyo inayotufanya tuandike. Pingili moja iliyovunjika ni onyo la nyingine. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, mwanamke mmoja katika kila watano waliopata mvunjiko mpya wa pingili alivunjika pingili nyingine ndani ya mwaka mmoja. Yule mama wa Singida alikuwa na mbili zilizobonyea. Hatuwezi kujua kama zilibonyea siku moja pale kisimani, au ya pili ilikuja katika miezi ile aliyokuwa ameambiwa atulie.

Mwaka 1996, mambo mawili

Ukiwauliza watumishi wa afya kwa nini hawafikirii ugonjwa huu, wengi watakuambia walifundishwa kwamba ni wa Wazungu. Hawakosei kusema walifundishwa hivyo. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia, Afrika Magharibi, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wanawake wazee wa huko walikuwa na madini machache kwenye mifupa, lakini mivunjiko ilikuwa nadra kwao. Wanawake wale walikuwa wanalima, wanatwanga na kubeba mizigo maisha yao yote, wakila chakula chenye kalsiamu ndogo kuliko miongozo ya Ulaya inavyotaka. Matokeo yale yalikuwa ya kweli kwa watu wale na kwa wakati ule. Shida ni safari yaliyokwenda baadaye. Kutoka "nadra Gambia vijijini" yakawa "Mwafrika havunjiki," na kutoka hapo yakawa "usihangaike kupiga picha."

Mwaka huohuo wa 1996, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha majaribio ya dawa iitwayo alendroneti. Wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili iliyovunjika walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 15 walivunjika pingili nyingine. Miongoni mwa waliopewa alendroneti, asilimia 8. Yaani mivunjiko ilipungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja dunia ilipata habari mbili. Moja ilisema ugonjwa huu unatibika, na ikaenda Ulaya na Marekani. Nyingine ilisema haututhuru, na ikabaki kwetu.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Watu wanaishi muda mrefu zaidi; kuna bibi wengi leo wanaofika miaka 75 ambao mama zao hawakufika 60. Wengi wamehamia mijini, ambako anayeuza genge anakaa kutwa nzima. Na watafiti wenyewe wamerudi kuhesabu upya: kuna mradi mkubwa unaochunguza mivunjiko ya nyonga na ya uti wa mgongo Zimbabwe, Afrika Kusini na Gambia yenyewe. Huo ndio uungwana wa sayansi, kurudi palepale uliposema jambo na kuuliza kama bado ni kweli.

Hapa tuseme wazi ili tusimtishe mtu. Hakuna anayesema kila bibi mwenye maumivu ya mgongo amevunjika pingili. Wengi wana misuli iliyochoka au maungio yaliyolika. Na inawezekana kabisa mwanamke wa kijijini aliyelima miaka 40 ana mifupa imara kuliko mwenzake wa umri huohuo aliyekaa ofisini. Tunachosema ni kwamba aliyevunjika yupo, na hatumtafuti.

Daftari linaandika nini

Hapa ndipo habari ya mgongo mmoja inapokuwa habari ya nchi. Katika kila zahanati kuna vitabu vya MTUHA, ambavyo kila anayetibiwa huandikwa humo pamoja na ugonjwa wake. Takwimu hizo hupanda kwenda wilayani, mkoani na wizarani, na ndizo zinazosaidia kuamua dawa gani ziagizwe na wataalamu gani wapelekwe wapi. Mama akiandikwa "maumivu ya mgongo," nchi inajifunza kwamba inahitaji diklofenaki zaidi. Akiandikwa "mvunjiko wa pingili," nchi inajifunza kitu kingine. Yule mama wa Singida alikwenda zahanati mara tatu na kuliacha daftari halijui lolote kuhusu mfupa wake.

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sheria inataka kila mkazi awe na bima, na inaweka utaratibu wa kuzigharamia kaya zisizo na uwezo. Bima yoyote huwa na orodha ya huduma inazolipia, maarufu kama kitita. Ugonjwa usioonekana kwenye takwimu hauna wa kuusemea kitita kinapopangwa. Shinikizo la damu na kisukari vilikuwa hivyohivyo miaka ya nyuma, vikiitwa magonjwa ya matajiri, mpaka vilipoanza kupimwa. Jirani zetu wa Kenya wako kwenye shughuli ileile: tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Wasikilizaji wetu wa upande ule wa mpaka wanauliza swali hilohilo: ninachangia, je, mama yangu atapata nini?

Kuhusu wazee, Tanzania si kwamba haikusema kitu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Tatizo ambalo wasikilizaji wanatueleza ni kwamba dirishani dawa iliyopo ni ileile ya maumivu. Msamaha wa malipo kwa dawa isiyokuwepo humfikisha mtu duka la dawa la mtu binafsi, na pale hakuna dirisha la wazee.

Na je, vifaa? Kipimo maalumu cha ujazo wa mifupa, kiitwacho DEXA, kipo katika hospitali chache za miji mikubwa, na haitarajiwi kwamba kitafika kila wilaya hivi karibuni. Lakini kwa mgongo uliokwisha kuvunjika hakihitajiki ili kuanza. Inatosha eksirei ya kawaida, iliyopigwa kwa ubavuni. Picha ya mbele inaweza kuificha pingili iliyobonyea. Ya ubavuni huonyesha. Mashine za eksirei zimeongezeka: katika fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 ambazo Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, sehemu ilinunulia mashine za kidijitali za eksirei na za CT scan. Mashine zililetwa kwa ajili ya mapafu. Zinaona na migongo, kama alivyogundua daktari yule bila kutafuta.

Kuhusu dawa, haki miliki ya alendroneti iliisha Marekani mwaka 2008, na tangu hapo viwanda vingi vinaitengeneza. Ipo dawa nyingine, asidi ya zoledroniki, inayoweza kutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, lakini kwa ajili ya wagonjwa ambao saratani imewafika mifupani. Dripu moja kwa mwaka, kwa bibi anayekaa kilomita 40 kutoka hospitalini! Ukitupa nafasi ya kuchagua jambo moja la kuwauliza wanaopanga kitita, tungeanza na hilo.

Si kila pingili iliyobonyea ni uzee wa mifupa

Tabibu anayesoma haya atatushangaa tusipolisema hili. Katika nchi zetu pingili inaweza kubonyea kwa sababu nyingine, na baadhi haziwezi kusubiri. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo. Saratani ya titi, ya shingo ya kizazi na ya chembechembe za damu zinaweza kuingia mifupani. Kwa hiyo mama mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, kutoka jasho usiku au kukonda. Mwenye uvimbe kwenye titi. Ambaye maumivu yanazidi akiwa amelala. Na zaidi ya wote ambaye miguu inakufa ganzi au kulegea, au hawezi kuzuia mkojo na choo, huyo asipewe miadi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata kwa wasio na dalili hizo, daktari mzuri ataagiza vipimo vichache vya damu na vya figo kabla ya kusema ni osteoporosisi.

Wako pia wanaohitaji kuangaliwa mapema kuliko wengine: aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, aliyetolewa ovari kwa upasuaji, mwembamba sana, mvutaji wa sigara, mnywaji wa pombe kali. Na aliyetumia predinisoloni au deksamethasoni kwa miezi. Hili la mwisho lina aibu yake, kwa sababu vidonge hivyo huuzwa madukani bila cheti kwa wenye kuumwa viungo na hata kwa wanaotaka kunenepa. Vinapunguza maumivu haraka, mtu anafurahi, huku vinakula mfupa. Ukiwa umevitumia kwa muda mrefu usiviache ghafla peke yako, mweleze tabibu.

Wanawake wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU sasa wanafikia umri wa kukoma hedhi, jambo ambalo miaka 25 iliyopita lilikuwa ndoto. Virusi vyenyewe na baadhi ya dawa, hasa tenofovia, vinaweza kupunguza madini ya mifupa kiasi. Usiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Uliza tu kliniki kuhusu mifupa, kama unavyouliza kuhusu presha.

Linaloweza kufanywa kijijini

Kazi ya kwanza haihitaji mashine. Msimamishe mama ukutani bila viatu, visigino na makalio yakigusa ukuta, umuwekee alama ya mkaa usawa wa utosi. Andika tarehe. Rudia mwaka ujao. Akiwa ameshuka sentimita 2, au kama unajua amepungua zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake, kuna haja ya eksirei. Angalia pia kisogo: kama hakigusi ukuta bila kuinua kidevu juu, mgongo umepinda. Ukimpeleka hospitali usiseme tu "anaumwa mgongo." Sema, "Amepungua kimo, na maumivu yalianza ghafla siku fulani akiinua kitu fulani. Naomba picha ya ubavuni." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha kinachoandikwa daftarini.

Maumivu ya pingili mpya mara nyingi hupungua katika wiki 6 hadi 12. Parasetamo ndiyo ya kuanza nayo. Diklofenaki kwa mtu wa miaka 70, kila siku, miezi kadhaa, ni kuchezea figo na tumbo. Kupumzika siku chache ni sawa, lakini kulala wiki nyingi kunamaliza mifupa na misuli iliyobaki, kwa hiyo atembee kidogo kila siku. Na tafadhali, asipelekwe kunyooshwa. Wapo mafundi wa viungo wanaoheshimika kwa mikono na miguu, lakini kumlaza bibi kifudifudi na kumkanyaga au kumbonyeza mgongo wenye pingili dhaifu ni kumuongezea mvunjiko.

Kazi nayo ibadilike umbo. Kinachoumiza pingili zaidi ni kuinama mbele magoti yamenyooka huku umebeba au unavuta kitu, na hivyo ndivyo tunavyopalilia, kwa jembe la mpini mfupi. Mpini mrefu unamwezesha kusimama. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya uti wa mgongo. Madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, ni safari zaidi lakini ni mzigo mwingine kabisa. Afadhali zaidi vijana wakateke. Hatusemi asifanye kazi. Mfupa unaishi kwa kutumika, na bibi aliyekatazwa kila kitu atadhoofika haraka kuliko aliyeachiwa kuku na bustani yake.

Chakula: miongozo mingi inataja miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Glasi ya maziwa, mabichi yaliyochemshwa au mgando, ina kama 300. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni hazina kubwa, na ndiyo chakula ambacho ziwa limetupa kwa bei ambayo wengi bado wanaimudu. Mchicha una kalsiamu lakini pia una kitu kinachoizuia isifyonzwe yote, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Sukuma wiki ni bora kwa hili. Ufuta usiokobolewa una kalsiamu nyingi ajabu. Lindi na Mtwara wanaulima kwa maelfu ya tani, sehemu kubwa inapanda meli, na bibi wa hukohuko anakula ugali na kisamvu. Siku moja tutaandika makala nzima kuhusu hilo. Maharage, mayai na samaki pia vinahitajika, maana mfupa si kalsiamu tu. Jua linaupa mwili vitamini D, na kwa ngozi nyeusi linachukua muda mrefu zaidi kufanya kazi hiyo. Mzee anayeshinda ndani ndiye wa kuangaliwa.

Chakula peke yake hakimrudishii nguvu aliyekwisha kuvunjika. Huyo anahitaji dawa, na unga wa "kalsiamu ya mifupa" unaouzwa kwenye minada na mikutano si dawa hiyo, hata kama mkebe wake una picha ya mifupa inayong'aa. Hata redioni, tukubali, matangazo hayo yanapita. Uliza kabla hujauza mbuzi.

Alendroneti nayo ina masharti. Humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, na mtu akae au asimame wima nusu saa nzima, kwa sababu kidonge kikikwama kooni kinachoma. Asiyeweza kukaa wima na mwenye figo mbovu hawafai kuitumia. Yapo madhara machache na nadra kwenye taya na paja, ndiyo maana daktari huiangalia upya baada ya miaka mitano hivi.

Na liko suala la macho ya watu. Tunajua kwamba Shinyanga, Mwanza na Geita vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Mwili wa mwanamke mzee unapobadilika na hakuna aliyemweleza yeyote sababu, watu hujitungia sababu. Mgongo uliopinda una sababu, na inaonekana kwenye picha.

Tulimpigia tena yule binti kabla ya kuandika haya. Vipimo vya kifua kikuu na vya damu vilikuwa vizuri. Kidonge cha wiki anakinunua Singida mjini, kwa sababu kituo chao cha afya hakina. Mama anakimeza kila Jumapili kabla ya ibada, halafu anakaa kibarazani nusu saa akiwa wima, na wajukuu wamekatazwa kumletea chai mpaka redio imalize taarifa ya habari. Ndoo ya lita 20 bado ipo, ila sasa wanawekea mahindi ya kuku.